Maji ya Bwawa la Juu

Muuguzi wa zahanati aliutazama mkono wa mtoto, kisha akaurudisha magotini pake kwa ncha za vidole, kama mtu anayerudisha samaki aliyeoza kwenye meza ya muuzaji. Akamwambia mama amsugue binti yake kwa jiwe na sabuni, maana uchafu ukiachwa huota mizizi. Alisema hayo kwa sauti ya kulitosha benchi zima. Wanawake waliokaa hapo wakavuta nguo zao, na mmoja akamhamishia mtoto wake upande wa pili.

Mama aliyeambiwa hayo alikuwa mpishi wa shule ya msingi. Watoto zaidi ya mia mbili walikunywa uji wake kila siku ya masomo, na kama kulikuwa na jambo alilojivunia hapa duniani, basi lilikuwa usafi. Masufuria yake ungeweza kujitazamia ndevu. Akanyamaza. Binti yake wa miaka tisa naye akanyamaza, na ukimya huo ndio uliowaleta zahanati. Mtaa mzima ulimwita Chiriku kwa sababu alizaliwa na mdomo usiojua kufunga, lakini mwezi wa pili sasa alikuwa anajibu kwa kutikisa kichwa. Tumbo lilimsokota. Vidole vilimfa ganzi, kalamu ikawa inamdondoka, na mwalimu akamchapa kwa uvivu wa kuandika. Kwenye viganja na nyayo vilimwota vijipele vigumu, kama punje za mtama zilizofukiwa chini ya ngozi. Kifuani alikuwa na madoa, meusi na meupe, mithili ya vumbi lililopigwa na manyunyu.

Daktari aliyewapokea chumbani hakuwa daktari wa vyeti vikubwa. Watu walimwita hivyo kwa kuwa hapakuwa na mwingine. Aliufunga mlango kwanza. Akavipapasa viganja vya mtoto kimoja kimoja, akamwambia avue viatu, akazitazama nyayo. Kisha akauliza nyumbani wanakunywa maji gani.

"Ya chemchemi," alijibu mama. "Lakini nachemsha, daktari. Tangu huyu yuko tumboni sijampa maji yasiyochemka."

"Unachemsha vipi?"

"Nayaacha yatokote hasa, mpaka yapungue. Si kupasha kama wengine."

Daktari akaiweka kalamu mezani. Alitumia maneno mafupi. Moto huua vidudu, hauui arseniki. Hiyo ni sumu iliyolala ndani ya miamba. Mgodi ukiufukua mwamba na kuuacha wazi, mvua inauosha na sumu inashuka na maji. Ukiyachemsha, yanayopaa ni maji tu. Sumu inabaki chini ya sufuria, na kadiri maji yanavyopungua ndivyo kila kikombe kinavyozidi ukali.

Mama aliisikia ile "mpaka yapungue" ikimrudia kichwani. Akauliza daktari anajuaje kwamba hiyo arseniki imo kwenye chemchemi. Daktari akakiri kwamba miezi mitatu nyuma alichota chupa moja, akaipeleka kwa rafiki yake anayefanya kazi kwenye maabara mjini. Majibu yalikuja. Aliwaandikia wakubwa wake mara mbili, wakamjibu asubiri wataalamu na asizue taharuki.

"Miezi mitatu," alisema mama.

"Na mimi nina watoto," alisema daktari, akiangalia dirishani. "Haya sikukwambia mimi."

Akampa vidonge vya tumbo, akamwambia dawa ya kwanza ni kubadilisha maji. Yabadilishwe kwa yapi, hakusema.

*

Njia ya kurudi nyumbani ilifuata kijito. Mama alikuwa amepita hapo maisha yake yote, lakini siku hiyo aliona kama mtu aliyevuliwa kitambaa cha macho. Mawe yalikuwa yamevaa utelezi wa rangi ya kutu, mzito kama makamasi. Kwenye kona maji yalikusanya povu la manjano lisilopasuka. Harufu ilikuwa ya sarafu iliyonyonywa na mtoto. Juu, mlimani, kilionekana kichuguu cha kifusi cha mgodi uliofungwa miaka sita iliyopita. Kampuni ilipoondoka ilibeba mitambo, ikang'oa mabati, ikachukua hata milango ya vyoo. Ilichoacha ni shimo, bwawa la maji machafu, na mlinzi mmoja wa kuvilinda vitu hivyo visiibwe, utadhani kuna mwizi wa shimo.

Mlinzi huyo alikuwa mume wake.

Alimkuta nyumbani, ametoka zamu, amekaa mlangoni anavua buti. Bibi, mama mzazi wa mume, alikuwa pembeni anachambua maharage kwenye ungo. Mpishi aliwaeleza yote, mwanzo mpaka mwisho, bila kumtaja daktari kwa jina la kazi yake. Alisema tu "mtu anayejua". Bibi aliacha kuchambua.

"Nyama wamekula wao," alisema, "sisi wametutupia mfupa. Kumbe na mfupa wenyewe una sumu."

Mlinzi alikuwa anaitazama miguu yake kama si yake. Mtoto akaomba maji. Mama akanyanyua kikombe kwa mazoea, akaufunua mtungi wa maji yaliyochemshwa asubuhi, na hapo hapo akaufunika tena. Akauliza, si kwa kumuuliza mtu hasa, sasa huyu atakunywa nini.

Mlinzi alitaka kusaidia, na huko kusaidia ndiko kulikomfichua. Aliingiza mkono kwenye mfuko wake wa kazi, akatoa chupa ya plastiki, akaisogeza. Akasema mtoto apewe hayo kwanza, ni ya mvua, kule kazini kuna tangi.

Mama aliipokea chupa. Ilikuwa chupa kuukuu, imekwaruzika, kizibo kimefungwa uzi ili kisipotee. Haikuwa chupa ya jana wala ya juzi. Alimpa mtoto akanywa mpaka akatosheka. Kisha akaanza kukumbuka. Kila jioni alipomkaribisha mumewe maji, jibu lilikuwa lile lile, kwamba ameshakunywa kazini. Chai hakutaka, alisema inamchoma kifua. Mchuzi alikuwa anauonja tu. Mpishi alikuwa ameyachukulia hayo kuwa ni upole wa mwanamume asiyetaka kumsumbua mke.

"Tangu lini unakunywa haya?"

Alijibu kwamba ni tangu mwaka juzi. Vyura walikufa pembezoni mwa bwawa, wengi, wakavimba. Halafu mbwa aliyezoea kuja pale akanywa, akafa. Yeye hakujua ni nini.

"Sikujua, Mama Chiriku. Nilihisi tu."

"Ulihisi kwa koo lako," alisema mkewe. "Letu hukulihisi."

Mlinzi akaona bora amalize. Akasema bwawa lina koki kubwa, gurudumu la kuzungusha kwa mikono miwili. Maji yakifika alama nyekundu kwenye nguzo, anampigia msimamizi wa kampuni huko aliko, na msimamizi anamwamuru afungue. Maji yanateremka kijitoni, kijito kinaingia kwenye dimbwi la chemchemi. Mara mbili kwa mwezi. Wakati wa mvua, kila wiki. Asipofungua ukingo utapasuka na bwawa lote litashuka kwa siku moja. Hivyo ndivyo alivyoambiwa, na ukingo ameuona mwenyewe umeanza kutoa nyufa. Alilisema hili la mwisho haraka, kama mtu anayenyoosha stakabadhi mlangoni.

Mpishi aliutazama ule mdomo wa mumewe, midomo iliyolowa kidogo, na kinyaa kikampanda. Si hasira, hasira angeijua. Ni kile kinyaa cha kukuta unywele kwenye tonge ulilokwisha kumeza. Alitoka nje, akashika ukuta, akatapika. Bibi alimfuata na maji ya kusukutua. Wakatazamana, wakayamwaga.

*

Kesho yake asubuhi moshi haukutoka jiko la shule. Mpishi alifika saa yake, akafagia, akapanga vikombe, kisha akaligeuza sufuria kubwa kifudifudi na kulikalia.

Mwalimu mkuu alikuja akitembea taratibu, kwa imani kwamba kuni zimelowa. Alipoelezwa alicheka kidogo, akauliza mpishi amesomea wapi kemia. Halafu akaacha kucheka, akaeleza kwamba unga ni wa msaada, wafadhili wanakuja kukagua mwezi huu, na picha wanazozitaka ni za watoto wenye vikombe mkononi. Bomba la shule linatoka chemchemi hiyo hiyo, na jingine haina. Mwisho akamkumbusha kwamba langoni wako wanawake watano wanaoitamani kazi hiyo, na hakuna hata mmoja anayeogopa maji.

Mpishi alimwambia awaite. Yeye huo uji hataupika.

Ilipofika saa nne watoto wa darasa la kwanza walianza kulia njaa. Baadhi yao walikuja mpaka jikoni wakamtazama wakiwa na vikombe vyao vitupu, na hilo lilikuwa gumu kuliko maneno yote ya mwalimu mkuu. Wazazi wakapata habari. Walikuja wakiwa wamekasirika, na hasira haikupanda mlimani kwenye bwawa; iliishia kwa mwanamke aliyekalia sufuria. Mchana ukaitishwa mkutano.

Walikaa ndani ya darasa, watu wazima kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa kidevu. Mwenyekiti wa mtaa alikuwa mtu mnene, mwenye sauti ya kubembeleza. Hakubishana. Alimtuma mtu na jagi chemchemini, likaja limejaa, akamimina bilauri mbele ya watu wote, akanywa yote kwa mkupuo. Akamimina ya pili, akanywa.

"Haya," alisema. "Nimekufa?"

Watu wakacheka, kisha wakapiga makofi. Mpishi alikuwa amejiandaa kwa kila kitu isipokuwa hicho. Alikuwa amedhani mwenyekiti ataogopa kunywa, na kwamba woga wake ungetosha kuwa ushahidi. Hakuwahi kufikiria kwamba sumu ya polepole ni rafiki wa mwongo. Unaweza kuinywa hadharani ukapigiwa makofi, ikakudai baadaye faraghani.

Kinyozi wa mtaa, mtu wa maneno, akasema kwa sauti kwamba asiyejua kucheza husema uwanja mbovu, na leo asiyetaka kupika amesema maji mabovu. Wakacheka tena. Mpishi akaomba daktari, aliyekuwa amekaa nyuma karibu na mlango, aseme anachokijua. Daktari alisimama nusu. Akaviangalia viatu vyake, akasema uchunguzi bado unaendelea, akakaa.

Chiriku alikuwa nyumbani. Mpishi alikuwa ameapa hatamleta pale anyanyuliwe mikono kama mbuzi wa mnadani. Basi alibakiwa na kitu kimoja cha kuonyesha, na kitu hicho kilikuwa kimesimama dirishani, nje, kimeshika kofia.

"Mume wangu ndiye mlinzi wa bwawa," alisema. "Yuko pale. Muulizeni kwa nini hanywi maji nyumbani kwake."

Vichwa viligeuka vyote. Mlinzi angeweza kuondoka. Nje palikuwa wazi. Alizunguka akaingia kwa mlango, akasimama ubaoni pale wanaposimamishwa watoto walioshindwa hesabu. Alisema yote. Aliwaambia kuhusu koki, alama nyekundu, simu za msimamizi, vyura, yule mbwa. Hakujitetea, hata la ukingo alilisema mwisho na kwa sauti ndogo. Alipofika kwenye tangi la mvua alikwama, akasema:

"Nilijikinga mimi. Mtoto wangu nilimwacha anywe."

Mwenyekiti bado alikuwa na bilauri mkononi. Aliishusha taratibu, akatoa kitambaa, akapangusa midomo. Akapangusa tena.

Wa kwanza kusimama alikuwa kinyozi. Alimwendea mlinzi, akamtemea mate kifuani, na mate yakateremka juu ya beji ya kampuni. Wengine wakafuata, mmoja kwa kofi, mmoja kwa tusi la mama, na Bibi mwenyewe amekaa pale anasikia. Walimwita muuaji. Walimwita na mkewe mke wa muuaji, wakauliza mshahara wa sumu ulikuwa mtamu kiasi gani. Hakuna aliyeuliza jina la yule msimamizi wala namba yake ya simu. Mlinzi alikuwa karibu, na kofi hupigwa aliye karibu.

*

Mlinzi alifukuzwa kazi kwa simu iliyokuwa fupi kuliko chafya. Siku nne baadaye wanaume watatu walikuwa wamepanda mlimani kuomba nafasi ile, na wote watatu walikuwepo kwenye mkutano. Aliyeipata ni kinyozi. Alisema watu walikuwa hawanyoi siku hizi, na yeye ana mke mjamzito. Ijumaa iliyofuata kijito kiliteremka na rangi ya chai kama kawaida yake.

Wataalamu walikuja baada ya wiki tatu wakiwa na glavu na viatu vya mpira. Walichota, wakaandika, wakanywa maji ya chupa waliyokuja nayo ndani ya gari, wakaziacha chupa tupu pale pale chemchemini. Kisha ukaletwa ubao wenye maandishi mekundu kwamba maji hayo hayafai kwa matumizi ya binadamu. Maji yanayofaa hayakuletwa. Watu wakawa wanatundika nguo zao kwenye ubao huo wakati wa kuchota. Shuleni alipatikana mpishi mwingine, na moshi ukawa unatoka saa ile ile.

Kisima kirefu kilicho karibu zaidi kilikuwa ng'ambo ya kilima, mwendo wa saa mbili kwenda na zaidi ya hapo kurudi. Mlinzi, ambaye sasa hakuwa mlinzi wa kitu, alikwenda kila siku na baiskeli, madumu manne yakining'inia. Siku ambazo alipata kibarua cha kubeba matofali, mkewe alikwenda kwa miguu. Nyumbani alikula alichopewa na kulala kwenye chumba chake peke yake. Mpishi alikuwa amehamisha godoro kwa Bibi na mtoto. Hakumtukana. Alimwambia chumvi iko wapi, paa linavuja wapi, basi. Siku moja Bibi alijaribu kusuluhisha, akasema mume ni nguo, ikichafuka hufuliwa. Mpishi akamuuliza kwa heshima:

"Kwa maji gani, mama?"

Bibi akarudi kwenye ungo wake.

Daktari aliendelea kumwona mtoto, mlango umefungwa, na hakumtoza chochote. Alisema vile vijipele, vingine vitalainika na vingine havitaondoka. Kuhusu vidole, isubiriwe mwaka mzima. Mwezi wa tatu baada ya mkutano, asubuhi, Chiriku alianza kubishana na bibi yake kuhusu kuku gani ametaga yai la chini ya meza. Akabishana mpaka saa sita, hoja juu ya hoja, akidai ushahidi. Mama yake alikuwa jikoni. Hakuwa amelia zahanati, wala darasani, wala alipopokonywa aproni ya shule. Siku hiyo alilia, ameshika mwiko, na maharage yakaungua.

Wiki hiyo hiyo, kabla jua halijachomoza vizuri, mtu alisimama mlangoni bila kubisha hodi. Alikuwa mke wa kinyozi. Tumbo lilikuwa limetangulia mbele, na mkononi ameshika dumu tupu. Huyu ndiye aliyekuwa akivuka njia kila alipomwona mpishi, na sokoni alikuwa amewahi kumwambia muuza nyanya kwamba pesa ya nyumba ile ina harufu.

Mpishi alikuwa na maneno ya kumwambia mwanamke huyu. Aliyatunza tangu siku ya nyanya, ameyanoa, yanakata pande zote mbili. Alimtazama na kumwacha asimame.

"Sijaja kugombana, Mama Chiriku," alisema yule. "Kile kisima cha ng'ambo, njia yake ni ipi?"

"Mumeo hakijui?"

"Mume wangu hataki nikiulizie. Anasema nitamharibia kazi."

Alisema hivyo akiutazama mlango, si mtu. Ndani, Chiriku alikuwa anamuuliza bibi yake nani amekuja, na kwa nini haingii, na kama ni mgeni kwa nini hajakaribishwa. Mpishi aliyasikia yale maneno yake makali yakisimama kooni. Aliyaonja. Yalikuwa na ladha mbaya, na ya haki pia. Akainama, akalinusa lile dumu.

"Hili lilikuwa na mafuta ya taa," alisema. "Kalirudishe, ulete jingine. Na uvae viatu."

Waliondoka pamoja jua likianza kuwaka. Walipofika kijitoni ilibidi wavuke juu ya mawe, na mawe yalikuwa yanateleza kwa ule uchafu wa kutu. Mjamzito alisita, akanyoosha mguu, akaurudisha. Mpishi, aliyekuwa amekwisha kuvuka, aliweka madumu yake chini, akarudi mpaka katikati, akamshika mkono kwa nguvu. Alimvusha jiwe baada ya jiwe, akimwambia akanyage wapi. Walipofika ng'ambo akauachia mkono ule, akajipangusa kiganja kwenye sketi, akatangulia.